Mtoto akibakwa: saa 72 za kwanza

Usimwogeshe, hata akilia kutaka kuoga. Nguo alizovaa usizifue. Zitie kwenye mfuko wa karatasi ya kaki. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, zikaota ukungu na ushahidi ukaharibika.

Mpeleke hospitali leo hii. Dawa za kuzuia VVU (PEP) huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28 bila kuruka. Tanzania, fomu ya PF3, ya kwenda nayo hospitali kupimwa na kutibiwa, hutolewa polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Akivuja damu, matibabu kwanza, fomu baadaye.

Usimhoji tena na tena. Mwambie, “Nakuamini, mwanangu,” kisha andika maneno yake yalivyo. Wazee wakitaka yaishe kifamilia kwa faini, kataa: mkosaji atabaki karibu na mtoto yuleyule.