Alizeti Mwitu: Ivune Ingali Changa

Mmea huu mrefu wenye maua ya njano hujiotea kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, na wakulima wengi huufyeka na kuuchoma. Nasikitika kila nionapo moshi huo, maana kinachoungua ni mbolea.

Jina lake la kisayansi ni Tithonia diversifolia. Neno la pili ni Kilatini, yaani "wenye majani ya namna mbalimbali", nalo litakusaidia kuutambua: mmea mmoja hubeba majani mazima na mengine yaliyogawanyika sehemu tatu hadi tano. Neno la kwanza latoka katika ngano za Wagiriki wa kale. Tithonus, mwana wa mfalme wa Troy, alipendwa na Eos, mungu wa kike wa alfajiri. Eos akamwombea kwa Zeus asife kamwe, ila akasahau kumwombea ujana. Tithonus akazeeka, akazidi kuzeeka, na kifo hakiji.

Hadithi hiyo naikumbuka kila nishikapo panga. Alizeti mwitu ni mmea wa kudumu. Usipoukata utaendelea kuishi, lakini mashina yatakomaa yawe kuni. Mashina hayo yakifukiwa huoza polepole na kuinyima mimea kirutubisho cha naitrojeni. Utajiri uko kwenye majani na ncha laini za matawi: yakikaushwa, naitrojeni ni takriban asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4, na udongo ukiwa na unyevu huoza upesi sana.

Basi kata kabla haujachanua. Katakata, tandaza, changanya na udongo wa juu, kisha ngoja wiki moja au mbili ndipo upande, kwa kuwa utomvu wa majani mabichi unaweza kuzuia mbegu kuota. Majani mabichi ni mazito, sehemu kubwa ni maji. Usiyabebe mbali, yapeleke kwenye tuta la mboga lililo karibu.

Kukata mapema kuna faida nyingine. Asili ya alizeti mwitu ni Meksiko na Amerika ya Kati, na kwingineko umegeuka gugu vamizi, hivyo usiuache utoe mbegu, wala usiupande karibu na msitu au mto.

Fosforasi, kirutubisho kingine cha mimea, ni kidogo katika majani haya, chini ya asilimia 0.5, nayo imetoka kwenye udongo huohuo wa mpakani. Shamba lenye upungufu wa fosforasi bado litahitaji mbolea ya dukani.