Kabla ya Kupokea Programu ya Mtu Mwingine: Mambo ya Kuzingatia kwa Ofisi za Dar es Salaam

Tarehe 27 Juni 2017 kampuni nyingi za Ukraine zilipoteza kompyuta zao bila mfanyakazi yeyote kufungua barua pepe ya kutia shaka. Zilikuwa zikitumia M.E.Doc, programu ya kuandaa hesabu na taarifa za kodi, na wadukuzi walikuwa wamekwisha kuingia katika seva za mtengenezaji wake, hivyo virusi vilivyokuja kuitwa NotPetya vikapita katika njia ileile iliyozoeleka ya masasisho. Kutoka huko vilifika hadi Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake si mageni kwa wafanyabiashara wa jiji hili, ikalazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Ninaanza na mkasa huu kwa sababu ofisi zetu nyingi, kuanzia wauzaji wa jumla wa Kariakoo hadi mawakala wa forodha wa Posta, nazo zinategemea programu ya uhasibu ambayo hakuna anayeitilia shaka.

Maandalizi yaanze na orodha, na kazi hiyo asiachiwe mtu wa TEHAMA peke yake. Majina ya programu hayatoshi. Iandikwe pia nani aliitengeneza kila moja, nani aliifunga, masasisho yake hutoka wapi, na nani bado anaweza kuingia ndani yake akiwa mbali. Kipengele hiki cha mwisho ndicho hufichua aibu. Fundi aliyefunga mfumo wa mauzo miaka minne iliyopita, akaacha njia ya kuingilia kwa mbali ikiwa wazi eti kwa ajili ya matengenezo, tena kwa nywila anayoitumia kwa wateja wake wote, amebaki na ufunguo wa ofisi yako mfukoni, na siku atakapodukuliwa yeye mtakuwa mmedukuliwa wote. Njia hiyo ifungwe, ifunguliwe tu anapohitajika na kwa muda unaojulikana, na kila fundi awe na akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili. Kuhusu vishoka wanaokuja na programu kwenye flashi, zikiwa zimevunjwa leseni, sina maneno mengi: aliyeweza kuondoa kufuli la leseni aliweza pia kuongeza chochote alichotaka, nawe huna namna ya kujua.

Taasisi inayotengenezewa mfumo wake yenyewe, kama benki ndogo au SACCOS, inahitaji orodha inayozama zaidi, kwa kuwa programu ya leo hujengwa kwa vijenzi vingi vilivyoandikwa na watu wengine. Mwezi Desemba 2021 lilipotangazwa tundu katika Log4j, kijenzi cha programu huria kinachotunza kumbukumbu za matukio katika mifumo ya Java, kazi ngumu kwa wengi haikuwa kuliziba bali kujua kilikuwa kimejificha wapi. Kwa hiyo mkataba umtake mtengenezaji akabidhi orodha ya vijenzi vyote na matoleo yake, na aihuishe kila anapobadilisha kitu. Orodha hiyo haitazuia kila hila, maana mwaka 2024 ilibainika kwamba mtu aliyekuwa amejipatia imani kwa zaidi ya miaka miwili katika mradi wa XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, alikuwa amepenyeza mlango wa siri, na aliyemgundua, mhandisi Andres Freund, alistushwa tu na kuchelewa kwa takribani nusu sekunde wakati wa kuingia katika seva. Lakini mwenye orodha alijua siku ileile kama toleo lile analo au hana.

Suala la masasisho ni gumu kuliko linavyosemwa. Kuhakiki saini ya kidijitali, yaani alama inayoonyesha kwamba sasisho limetoka kwa mtengenezaji, ni lazima, ingawa mwaka 2020 masasisho ya programu ya kusimamia mitandao ya kampuni ya SolarWinds yaliyopakuliwa na wateja wapatao 18,000 yalikuwa na saini halali, kwa kuwa wavamizi walikuwa wamechafua mfumo wenyewe unaotengenezea programu hiyo. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, bila mdukuzi yeyote, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Maoni yangu ni kwamba sasisho linaloziba tundu linalojulikana lipite kwanza katika kompyuta mbili au tatu za majaribio, kisha lisambazwe upesi, ilhali lile linaloongeza mapambo linaweza kungoja wiki kadhaa.

Mkataba nao useme mzabuni atatoa taarifa ndani ya saa ngapi akivamiwa, na nani atapigiwa simu usiku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu mkusanyaji wa taarifa hata pale anayezichakata kwa niaba yake ni kampuni nyingine, kwa hiyo kumsukumia mzabuni lawama hakutakuondolea wajibu.

Mwisho ni nakala rudufu. Inaelezwa kwamba Maersk ilipotafuta nakala ya seva zinazoratibu mtandao wake mzima, zote zilikuwa zimefutwa isipokuwa moja nchini Ghana, iliyosalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa nje ya mtandao. Sisi tuliozoea kulalamikia giza tunaweza kucheka kidogo, ila usingoje bahati ya aina hiyo: diski moja ya nakala ichomolewe na kuhifadhiwa nje ya ofisi, na kila robo mwaka irejeshwe katika kompyuta tupu, mhasibu akiwa amekaa hapo kuthibitisha kwamba vitabu vya mwezi uliopita vinafunguka na hesabu zake zinalingana.