Kulitoa tangi la mafuta kabini mwa pikapu ya zamani

Pikapu za Chevrolet na Ford zilizoundwa Marekani katika miaka ya 1960 zilikuwa na tangi la petroli ndani ya kabini, nyuma ya kiti, na Chevrolet ilikuja kulihamishia nje katika modeli za 1973. Land Rover fupi za zamani, ambazo hapa Zanzibar zimezoeleka zaidi, zina tangi lao chini ya kiti cha mbele. Ukiwa na gari la namna hiyo na unataka kuendelea kulitumia, lihamishie tangi nyuma, baina ya mbavu mbili za chasisi (fremu ya chuma inayobeba gari), kwani kiti na petroli havistahili kukaa pamoja gari linapogongwa.

Kosa kubwa katika kazi hii ni kupima nafasi wakati gari ni tupu. Springi zinapolala chini ya magunia ya karafuu, na gari likaingia shimoni katika njia za milima ya Pemba, difu (kasha la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma) hupanda karibu kabisa na sakafu ya bodi, na tangi lililokuwa na nafasi ya kutosha gerejini hugongwa. Kwa hiyo pakia mzigo kamili kwanza, kisha pima umbali kutoka difu, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) na ekzosi. Ekzosi iwe mbali na tangi angalau sentimita 10, na baina yake uweke bati la kukinga joto. Kama mahali pa gurudumu la akiba ndipo panapofaa, gurudumu litafutiwe makazi mengine.

Kazi yenyewe ifanyike uwanjani penye upepo, betri ikiwa imefunguliwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini na kutambaa, hivyo jiko la mkaa au sigara iliyo mbali kidogo bado ni hatari. Tangi la zamani usimruhusu fundi yeyote kulichomelea, hata kama limekaa tupu kwa miezi.

Tangi jipya lishikwe na mikanda ya chuma, na vishikizo vyake vifungwe kwa bolti kwenye ubavu wa chasisi. Matundu ya bolti yatobolewe katikati ya kimo cha ubavu, kamwe si kwenye kingo zake za juu na chini, kwa kuwa kingo hizo ndizo zinazobeba mzigo na hapo ndipo nyufa huanzia. Chini ya kila mkanda weka mpira, lakini ujue kwamba mpira huo hunasa maji ya chumvi: paka rangi ya kuzuia kutu kwanza, pande zote. Tangi la aluminiamu likigusana na mkanda wa chuma katika unyevu wa pwani yetu huliwa haraka, nami napendelea la chuma lililopakwa vizuri. Kwa wanaopita njia za mawe ya matumbawe, bamba nene chini ya tangi si anasa.

Bomba la mafuta liwe la chuma, likifungwa kwenye chasisi kila baada ya hatua fupi, na mpira wa mafuta utumike sehemu fupi za kuungia tu. Mpira wa maji hauvumilii petroli. Tangi lazima lipumue. Kipumulio kikiziba, pampu huvuta hadi tangi likajaa ombwe, yaani utupu usio na hewa, na gari huzima njiani kisha likawaka tena baada ya kupumzika, jambo linalowafanya mafundi wengi kuilaumu kaburata bure. Bomba la kujazia nalo literemke moja kwa moja hadi tangini, bila kupinda juu.

Geji husahaulika. Floti, yaani boya la tangini linaloiendesha geji, katika Chevrolet za mwishoni mwa miaka hiyo husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa, ilhali ya Ford huenda kinyume, kutoka takriban 73 hadi 10, kwa hiyo ukichanganya, sindano itasema uongo. Na kwa sababu mipira imelitenga tangi na chasisi, lipewe waya wake wa arthi, unaoliunganisha na chasisi ili umeme wa geji upite.

Kabla ya kulipandisha, ziba matundu yote, tia upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli, kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo utazame mapovu. Likishafungwa, weka lita chache tu na uliache gari usiku mzima, kadibodi kavu ikiwa chini ya tangi, uone kama linavuja. Baada ya hapo, kila gari linapotoka pwani lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi, na mikanda ilegezwe mara moja kwa mwaka ili uione kutu iliyojificha nyuma ya mpira.