Pikapu ya diseli ya kazi: venye utajua inakufaa na venye utaikagua kabla utoe pesa

Kabla uangalie rangi na rimu jiulize kwanza itabeba nini na itapita wapi. Mtu wa kutoa viazi Olenguruone wakati wa mvua ama kusomba mahindi Kitale, huyo diseli ni yake bila mjadala. Lakini kama kazi yako ni kutoka Milimani hadi tao Nakuru na kurudi, na mzigo unabeba mara mojamoja, chukua ya petroli, juu diseli inataka safari ndefu ipate joto vizuri. Zile mpya ziko na filta ya moshi kwa ekzosi, na ukiendesha vipande vifupi vifupi kila siku masizi yanajaa huko hayachomeki, halafu taa inawaka na gari inapoteza nguvu.

Raha ya diseli ni kuvuta ikiwa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ziko chini. Ukitoka Ahero na mzigo ukipanda kwenda Kericho, petroli lazima uilize ndio isonge, lakini diseli yenye tabo (ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi) iko karibu rpm elfu mbili inapanda imetulia, na mafuta inakula kidogo. Tena injini yenyewe imeundwa ngumu juu inafinya hewa mara 16 hadi 18 hivi, petroli nyingi ziko kama 10, so ukiitunza inakaa miaka na miaka.

Tabo si ya kupuuza huku kwetu kwa sababu ya miinuko. Kisumu iko kama mita 1,130, Timboroa imepita 2,700, na huko juu hewa ni nyepesi. Ile Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2 silinda sita, haina tabo, utaisikia inachoka kwa mlima. Lakini pampu yake ni ya kimakanika, injini haitegemei kompyuta, na fundi yeyote mzuri wa Webuye anaifungua na spana zake za kawaida. Kwa barabara mbaya kabisa, na kama huna haraka, mimi bado ningechukua hio.

Sasa shida yenyewe. Diseli za siku hizi ni za komonreli, mafuta yanasukumwa na presha kubwa sana kupitia matundu madogo ya injekta, so maji kidogo ama uchafu wa mtungi unaua injekta, na zikienda hulipi pesa ya kuchezea. Wacha kabisa kununua diseli ya mitungi kando ya barabara hata kama ni bei rahisi, jaza diseli kwa petroli stesheni yenye inauza sana, na ile maji inakaa chini ya filta imwage mara kwa mara.

Siku ya kukagua mwambie muuzaji asiiwashe kabla ufike. Gusa injini na mkono, ikiwa moto jua imepashwa ndio iwake haraka, ngoja ipoe ama rudi kesho asubuhi. Ikiwaka angalia moshi: mweupe ukikataa kuisha ni injekta ama maji yanaingia ndani, wa buluu inachoma oili, mweusi mzito ukikanyaga, hapo mafuta ni mengi kuliko hewa. Halafu ikiwa inanguruma pole pole fungua kifuniko cha kuwekea oili na ukilaze juu ya tundu bila kukaza. Kikitetemeka kidogo ni sawa, kikirushwa na moshi unapuliza kama sufuria ya githeri, ringi za pistoni zimeisha na unaangalia ovaholi, yaani injini kufunguliwa yote na kutengenezwa upya.

Kwa Hilux ya 3.0, ile ya injini ya 1KD, mulika tochi kwenye mashimo ya injekta. Ukiona lami nyeusi imegandamana hapo sili zinavuja, na hio ikiachwa masizi yanaingia kwa oili na kuziba njia zake. Pia uliza mkanda wa taiming (ule unafanya valvu na pistoni ziende pamoja) umebadilishwa lini, hubadilishwa kila kilomita 150,000, ukikatika injini imeharibika. D-Max ya 3.0, ya injini ya 4JJ1, inatumia cheni badala ya mkanda, hapo una stress moja kidogo.

Lala chini uangalie chasisi nyuma ya kebini. Ukiona imechomelewa ama rangi mpya sehemu moja tu, ondoka. Hizi gari ni za tani moja hivi, magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 tayari ni hapo, na watu wanaongeza springi wanapakia mara mbili. Springi zimeongezwa lakini chasisi, breki na giaboksi ni zile zile. Na hizo springi ngumu ndizo zinafanya ikiwa tupu mkia uteleze kwa matope, so mvua ikinyesha na huna mzigo weka magunia ya mchanga nyuma karibu na eksili.

Kwa mteremko kama wa Salgaa shuka na gia ndogo kutoka juu kabisa, usingoje breki zinuke. Nyutro usiweke hata siku moja, nakuomba.

Logibuku ihakikishe kwa mfumo wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla pesa itoke, linganisha namba ya chasisi na ya injini na macho yako. Ukishainunua badilisha oili na filta zote hata kama umeambiwa servisi ni ya juzi. Na kama ni Ford Ranger ya 2.2 ama 3.2, usikubali fundi amwage oili halafu aende lunch, pampu ya oili ikikaa kavu inapoteza mvuto na injini inawaka bila oili kupanda, so oili mpya na filta mpya viwe hapo mkononi kabla nati ya chini ifunguliwe.