Kichefuchefu kwenye bembea kubwa: tuliza kichwa

Kwa mnaowapeleka watoto kwenye bembea za Kansanga, Kampala, sikukuu hii na mnaogopa kutapika mbele yao: kabla mashine haijaanza, gandamiza kisogo kwenye mgongo wa kiti, kaza shingo, macho yatazame mbele kule chombo kinakoelekea, na usiyafumbe. Msigeuke kuongea na jirani wala kuinama kutafuta simu. Sikio la ndani lina vimiminika vinavyopima mzunguko. Mwili ukizungushwa huku nawe unageuza kichwa, vimiminika hivyo vinasukumwa pande kadhaa kwa pamoja, na ubongo unapokea habari zisizolingana na macho. Hapo ndipo tumbo linapochafuka. Ukifumba macho, ubongo unakosa shahidi wa kuuonyesha mwendo ulivyo.

Kwenye bembea yenye umbo la meli kaeni katikati, maana ncha ndizo zinazopanda juu zaidi. Hili peke yake linasaidia mno, hasa kwa watoto.

Mbinu hii haifui dafu kwenye viti vya umbo la vikombe vinavyozunguka mahali pamoja kwa muda mrefu, wala ikiwa tayari jasho baridi linakutoka na mate yanajaa mdomoni. Hapo shuka, upate hewa, unywe maji kidogo kidogo. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) mbili za mafuta dakika chache kabla nazo zitakushinda. Dawa za kichefuchefu humezwa mapema, si ukishafunga mkanda, na nyingi huleta usingizi: muulize mfamasia, na usiendeshe boda kurudi nyumbani.