Kumiliki Mercedes SL ya Zamani Mombasa: Ununue Ipi na Uitunze Vipi

Mkazi wa Mombasa anayetaka gari la anasa lenye paa la kukunja, kwa matumaini kwamba siku moja wakusanyaji wa magari watalitafuta, ana adui mmoja wa kumjua kabla hajauliza bei, naye ni chumvi. Injini iliyochoka hufufuliwa na giaboksi hufunguliwa ikafungwa upya, lakini bodi iliyoliwa na kutu kwa ndani humeza fedha kuliko thamani ya gari lenyewe. Ndiyo maana hapa tunatanguliza bodi na paa, tukichukua mfano wa Mercedes-Benz SL ya toleo la R129, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 2001. Zaidi ya 200,000 zilitoka kiwandani, hivyo vipuri bado vinapatikana, ingawa wingi huohuo ndio unaozuia bei kupaa. Anayetarajia faida ya haraka atafute kiwanja.

Wazo la kuagiza kutoka ng'ambo liachwe mapema. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto, kwa hiyo utakayoinunua ni ile ambayo tayari ina namba za Kenya. Ukipata moja iliyozeekea Nyali, kando ya bahari, na nyingine ya rangi usiyoipenda iliyokaa Nairobi, yenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na hewa isiyo na chumvi, chukua ya Nairobi, rangi utaizoea. Nambari ya chesisi ilinganishwe na iliyo kwenye logibuku, na rekodi ya gari itafutwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishikizo. Nambari hiyo ina siri nyingine: kwa magari ambayo hayakutengenezewa soko la Marekani, baada ya WDB129 hufuata tarakimu tatu za aina ya gari, kisha tarakimu ya kumi, ambayo ikiwa ni 2 gari lilitoka kiwandani na usukani wa kulia, na ikiwa ni 1 lilitoka na wa kushoto, ukahamishwa baadaye, jambo ambalo kwa mkusanyaji humaliza mazungumzo.

Paa ndilo la kukaguliwa kwa subira. Paa la turubai la R129 huendeshwa kwa haidroliki, yaani msukumo wa mafuta, na likiwa zima hufunguka lote kwa takriban nusu dakika bila kuguswa na mkono. Mwombe muuzaji alifungue na kulifunga mara kadhaa mfululizo, kwa sababu hitilafu nyingi hujificha mara ya kwanza. Kisha keti kwenye kiti cha dereva, teremsha kizuia jua na upapase kwa kidole fremu iliyo juu ya kioo cha mbele. Mafuta yanayonata hapo, au doa la manjano kwenye kitambaa, ni dalili kwamba sili, yaani vizibo vya kuzuia mafuta yasivuje, za silinda za mbele za paa zimekwisha. Si sababu ya kukimbia. Silinda inaweza kutolewa na kuwekewa sili mpya badala ya kununuliwa upya, na katika mji wenye bandari fundi wa haidroliki hakosekani. Ni sababu ya kupunguza bei tu. Madirisha ya nyuma ya turubai ni ya plastiki, na yakishakuwa na ukungu wa maziwa hayarudi kung'aa vizuri.

Kutu yenyewe itafutwe pale isipoonekana: nyuma ya mabamba ya plastiki ya ubavuni, kwenye sehemu za kuwekea jeki, na chini ya zulia la buti. Muuzaji anayekataa bamba moja lifunguliwe amekwisha kukujibu. Kwa magari ya takriban 1992 hadi 1996, chunguza pia nyaya za injini, kwa kuwa ganda lake hukauka kwa joto na kumomonyoka.

Likishakuwa lako, swali kubwa ni maji. Visima vingi vya kisiwani na kandokando yake hutoa maji ya chumvi, na hayo ndiyo yanayotumika kwenye vibanda vingi vya kuoshea magari, kwa hiyo mwenye gari hulipia chumvi ipuliziwe chini ya bodi kwa nguvu ya pampu. Tumia maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya bauzi, hasa ukitoka kuvuka kivuko cha Likoni, na uoshe chini kuliko juu. Vitundu vya kutolea maji milangoni na chini ya kioo cha mbele vizibuliwe kabla ya masika. Turubai lisikunjwe likiwa bichi, maana litaota kuvu. Gari lisifunikwe kwa plastiki, ambayo hufungia unyevu. Kifuniko cha pamba ndani ya banda lenye hewa kinatosha.

Thamani ya baadaye itategemea vile usivyobadilisha. Redio ya asili, kitabu cha huduma, risiti zote na picha za kila ukarabati vihifadhiwe pamoja. Kwa bima, baadhi ya kampuni husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huu, kwa hiyo lifanyiwe tathmini na thamani mliyokubaliana iandikwe kwenye mkataba. Uliza pia lilipo paa gumu la aluminiamu, ambalo huinuliwa na watu wawili na ambalo wamiliki wengi huliacha kwenye nyumba walizohama. Likikosekana, dai punguzo la maana, kwa kuwa kulipata jingine na kulisafirisha ni gharama itakayokuangukia wewe.