Kupanda Mlima na Watoto Likizoni

Mtoto mdogo kuliko wote ndiye atangulie na kupanga mwendo. Akiachwa nyuma huchoka kwa kukimbiza wenzake. Kwa wa miaka 5 au 6, kilomita 3 hadi 4 kwenda na kurudi zinatosha. Ondokeni mapema, kabla jua halijawa kali.

Malengelenge ndiyo adui mkubwa. Viatu vipya vizoeshwe nyumbani wiki mbili kabla. Epukeni soksi za pamba: hushika jasho, ngozi ikalainika na kuchubuka. Mtoto akisema kisigino kinawaka, simameni papo hapo; mvue kiatu, mkausheni mguu, mbandikeni plasta. Msingoje kufika kileleni.

Maji ni nusu lita kwa saa kwa mtu mzima. Watoto wanywe kidogo kidogo kabla ya kulalamika kiu. Wingu jeusi au ngurumo zikianza, shukeni mara moja.